Bibi ya Nani

Pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa kilichonyunyiziwa maji hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine popote: mvuke, moshi kidogo, pamba inayotaka kuungua lakini haijaungua, na jasho la mtu aliyelivaa vazi lile jana yake. Nilikulia ndani ya harufu hiyo. Nyumba yetu ya Kamalondo, mjini Lubumbashi, ilikuwa na vyumba viwili na baraza la saruji, na chumba cha mbele hakikuwa chetu hasa, kilikuwa cha wateja. Humo baba yangu, Fundi Mukalay, alisimama mbele ya meza ndefu na mkasi wake mzito, akikata suruali za suti, mashati ya kwaya, sare za shule na vitenge vya sikukuu. Nyuma yake, karibu na dirisha ambako mwanga ulikuwa mzuri, alikaa mama kwenye cherehani kubwa ya baba, ya kukanyaga kwa miguu. Baba alikata, mama alishona. Kola, mifuko, zipu, vishimo vya vifungo, yote yaliyohitaji macho na subira yalipita mikononi mwake. Alikuwa akishona tangu kabla hajaolewa, na alikuja kwa baba na cherehani yake ndogo ya kuzungusha kwa mkono, aliyopewa na mama yake. Lakini sikumbuki hata mteja mmoja aliyewahi kumwita fundi. Jina lake lilikuwa Alphonsine, na mtaa mzima ulimwita Bibi ya Fundi.

Ni lazima nieleze kwamba katika Kiswahili cha mji wetu, bibi si mama mzaa mama kama wanavyosema wenzetu wa pwani. Bibi ni mke. Na kwetu kila mwanamke alikuwa na kijineno kile kidogo, ya, kilichomfunga kwa mtu fulani. Kulikuwa na Bibi ya Cheminot, ambaye mumewe alifanya kazi kwenye reli. Kulikuwa na Bibi ya Mwalimu, ingawa yeye mwenyewe pia alifundisha. Mwanamke akipata mtoto, aligeuka kuwa Mama ya fulani, na hiyo ilihesabiwa kuwa heshima kubwa zaidi. Sisi watoto nasi tulikuwa na ya yetu. Ukipita barabarani na chupa ya mafuta mkononi, mtu mzima yeyote alikuwa na haki ya kukusimamisha na kukuuliza: "Weye, uko mutoto ya nani?" Nilijibu bila kufikiri, "Ya Fundi Mukalay," na yule mtu aliitikia kwa kichwa akaniacha niende. Lilikuwa jibu lililofungua njia kila mahali. Sikuwahi kujiuliza lingenifungulia njia gani siku baba atakapokuwa hayupo.

Baba alikufa mwishoni mwa mvua. Aliugua kifua, akakohoa wiki nyingi huku akiendelea kukata vitambaa, kisha siku moja akashindwa kushika mkasi. Sitasimulia mazishi. Ninachotaka kusimulia ni msimu uliofuata, miezi ile ya baridi na vumbi jekundu ambapo asubuhi tunapuliza mikono yetu na midomo inapasuka. Shule zilikuwa zimefungwa. Mama alivaa nguo nyeusi, akaendelea kushona peke yake. Na kwa kuwa hakukuwa tena na mtu wa kupokea wateja, ilimbidi aondoke dirishani, aje mbele, asimame pale mezani na kuzungumza na watu.

Wakati huo kulikuwa na wafanyabiashara wanawake waliokuja kutoka Zambia kwa njia ya Sakania, wakileta mitumba na unga wa mahindi, wakirudi na vitenge na nguo za kushonwa. Walipenda mikono ya mama. Lakini walijua Kibemba na Kiingereza tu. Kibemba mama alikisikia kidogo, ila wale wenye oda kubwa walipenda kupatana kwa Kiingereza, labda kwa sababu kiliwafanya waonekane wageni wa maana. Mama alibaki akionyesha kwa vidole. Jioni moja, baada ya mteja mmoja kuondoka na kitambaa chake kwa kuwa hawakuelewana juu ya urefu wa mikono ya gauni, mama aliweka pasi chini na kuniambia: "Soso, kesho tunaenda kujifunza Kiingereza." Alisema "tunaenda" kama vile hapakuwa na kitu cha kuamua. Nilikuwa na umri wa kupenda kila kitu kilichonitoa nyumbani, nikakubali.

Darasa lilikuwa chumba kidogo nyuma ya parokia, chenye madawati ya katekisimu na ubao uliokwaruzika. Mwalimu alikuwa mwanamke wa Ndola aliyeitwa Madamu Grace. Aliletwa Lubumbashi na mume wake Mkongomani, dereva wa malori, na baadaye wakaachana, lakini yeye hakurudi kwao. Alikuwa mrefu, na sweta yake ya kijani ilikuwa na viwiko vilivyoshonwa vibaya, jambo lililomsumbua mama tangu siku ya kwanza hadi alipomwomba amwachie airekebishe. Kiswahili chake kilikuwa kimechanganyika na Kibemba, na alipokosea tulicheka, naye alicheka pia, akatuambia tungoje zamu yetu. Wanafunzi walikuwa wachache: wanawake wawili wauza samaki, mzee mmoja mpole aliyetunza sakristia ya parokia, kijana mmoja aliyeshughulika na karatasi za forodha, mama, na mimi pembeni mwake.

Siku ya kujitambulisha, kila mtu alisimama na kusema jina lake na kazi yake. Zamu ya mama ilipofika, alisimama katika nguo zake nyeusi, akashika ukingo wa dawati na kusema kwa Kiingereza maneno aliyokuwa ameyafanyia mazoezi usiku kucha: "I am tailor wife." Mimi bibi fundi. Madamu Grace alitabasamu, akaenda ubaoni. Aliandika "tailor", akaongeza alama ndogo kama ukucha, akaongeza herufi s, kisha akaandika "wife". Akatuambia:

"Hii s ndogo iko kama mukono. Mwenye kitu anatangulia, halafu mukono wake unashika kile kinafuata nyuma."

Mama aliutazama ubao. Kisha akasema, "Kumbe. Kwa Kiswahili tunasema bibi ya fundi. Mimi niko mbele, yeye nyuma. Kwa Kiingereza yeye anatangulia."

"Ndiyo, mama."

"Basi Kiingereza ni kama barabara. Tulitembea hivyo, yeye mbele, mimi nyuma na mufuko."

Darasa lilicheka, na mama naye alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi. Lakini aliporudi kuketi, niliona kidole chake kikichora ile alama ndogo juu ya mbao ya dawati, tena na tena. Halafu akanyoosha mkono kama mwanafunzi mdogo na kuuliza: "Na kama fundi amekufa, ule mukono unaachilia?"

Madamu Grace alisema kwamba kuna neno la mjane, na akaliandika. Akasema pia kwamba watu wengi katika mazungumzo ya kila siku hawalitumii, wanaendelea kusema mke wa fulani hata kama huyo fulani yuko kaburini. "Na hata mukiachana," aliongeza, huku akifuta vumbi la chaki kwenye sweta, "mwanaume wa Kiingereza anasema 'my ex-wife'. Maana yake, bibi yangu wa zamani. Amekutoa mu nyumba, ametoa nguo zako kwa dirisha, lakini ile 'yangu' hajaitoa." Wanawake wawili wa samaki walipiga makofi ya kushangaa. Yule kijana wa forodha alitaka kujua sasa hilo "my" lina maana gani hasa. Alisema yeye alidhani ni kitu unachokimiliki. Madamu Grace alimwambia: "Unasema 'my boss' kila siku. Weye uko na bosi yako mu mufuko?" Na yule mzee wa sakristia akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye husema Mungu wangu, na hajawahi kumfungia Mungu kabatini.

Nayakumbuka mafunzo yale kuliko yote niliyopata baadaye katika shule zenye madirisha mazuri. Mchana ulikuwa na mwanga mweupe, upepo ulipuliza vumbi chini ya mlango, na watu wazima walikuwa wakigeuza maneno madogo huku na huku kama wanunuzi wanaokagua kitambaa kama kina tundu. Siku moja Madamu Grace alitusimulia jambo lililompata akiwa msichana huko kwao. Alikuwa akipita karibu na baa, wanaume wakaanza kumtukana na kumvuta kitenge. Mwanamke mmoja muuza karanga aliinuka na kuwapigia kelele kwa Kiingereza kwamba huyo ni binti wa mtu, "somebody's daughter". Wanaume wakamwachilia papo hapo. Alituambia kwamba kwa Kiingereza watu husema hivyo mara nyingi wanapotaka mwanamke aheshimiwe: mfikirie kama dada wa mtu, kama mke wa mtu, kama mama wa mtu. Wauza samaki walisema hata kwetu ni hivyo hivyo. Mama alikuwa akisikiliza huku akishona kiwiko cha ile sweta ya kijani, maana alikuwa ameichukua hatimaye. Alikata uzi kwa meno na kuuliza bila kuinua macho:

"Na kama hauko ya mutu?"

Madamu Grace aligeuka, akafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi.

Nadhani mama alikuwa akijua kinachokuja. Mwezi uliofuata, siku ya kumaliza kilio, jamaa za baba walifika kutoka Kamina kwa gari moshi. Aliyewaongoza alikuwa Baba Mukubwa Ngoie, kaka mkubwa wa baba, mstaafu wa reli, mtu mkubwa wa mwili aliyevaa koti la sufu hata jua likiwa kali. Sikumwogopa. Alikuwa na desturi ya kuniletea ndizi, na alilia kwenye mazishi kwa sauti iliyonitetemesha. Pamoja naye alikuja Baba Mudogo Prosper, mdogo wa baba, na mke wake Tantine Régine, ambaye siku nzima hakumtazama mtu usoni. Walipomaliza sala na chakula, viti vilipangwa uani. Wanaume walikaa juu ya viti, mama alikaa chini kwenye mkeka, nami ubavuni mwake. Majirani walisimama kwenye ukuta. Baba Mukubwa alisafisha koo.

"Mama Soso, sikia. Weye uko bibi yetu. Hatuwezi kukuacha ukitangatanga. Prosper iko hapa, yeye njo atakuangalia. Mashine ya ndugu yetu itaenda Kamina, watoto wa kule watajifunzia kazi. Na mutoto atakuya kusomea kwetu."

Alisema yote hayo kwa upole. Leo nikiwa mtu mzima naweza kusema kwamba hakuwa mwizi wala mkatili. Kwake yeye alikuwa anatimiza wajibu, na neno "yetu" lilikuwa shuka aliyokuja kumfunika nayo mjane wa ndugu yake. Nilimtazama Tantine Régine, ambaye mumewe ndiye angemrithi mama. Alikuwa akikunja na kukunjua pembe ya kitenge chake. Baba Mudogo Prosper aliangalia viatu vyake.

Mama aliinuka. Hilo peke yake lilizua minong'ono, kwa kuwa mjane hakutarajiwa kujibu akiwa amesimama. "Aksanti, baba mukubwa," alisema. "Aksanti juu ya kulia pamoja na mimi. Lakini mimi nilikuwa bibi ya Mukalay. Mu kanisa, padiri aliniuliza kama ninamutaka Mukalay. Hakuniuliza kama ninataka jamaa yote. Mukalay amekufa. Sitakuwa bibi ya mutu mwingine juu ya neno 'yetu'."

"Basi weye uko nani?"

"Niko Alphonsine."

"Alphonsine ya nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyesikia sentensi iliyokatika katikati na anangojea imalizike. Watu wote walikuwa wakingoja. Nilimwona mama akitafuta, kama alivyokuwa akitafuta maneno kule darasani, macho yakiwa juu ya mlango wa uani. Wazazi wake walikuwa wamekufa zamani. Kaka hakuwa naye. Hatimaye alirudia, "Alphonsine," kisha, "Inatosha."

Baba Mukubwa alitikisa kichwa, akanigeukia. Uso wake ukalainika, akatumia ile sauti ya siku za ndizi. "Na weye, Soso, uko mutoto ya nani?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelitoa kila siku ya maisha yangu. Nilijua pia, ingawa sijui nani aliyenifundisha, kwamba nikilitoa siku ile, jioni ningekuwa ndani ya gari moshi la Kamina. Mtoto kwetu halitamki jina la mama yake mbele za watu. Unasema mama, basi. Lakini nilishika kisigino cha mama, kilichokuwa kimepasuka kwa baridi, na nikasema kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe: "Niko mutoto ya Alphonsine."

Mwanamke mmoja ukutani alijipiga kifua. Mama alinitazama kutoka juu, na sikuweza kusoma uso wake, maana jua lilikuwa nyuma ya kichwa chake. Baba Mukubwa alicheka kidogo kwa pua, kicheko cha mtu aliyechoka. "Huyu iko na kichwa ya mama yake," alisema. Halafu akamwambia mama: "Sawa. Bakia na mutoto wako. Lakini kama hauko bibi yetu, kitu yetu haitabaki kwako."

Waliibeba cherehani ya baba alasiri ile ile, ile kubwa ya kukanyaga kwa miguu. Mama hakugombana nao. Aliifuta mwenyewe vumbi, akaitia mafuta, akamwonyesha Baba Mudogo Prosper kwamba mkanda hulegea upande wa kushoto na unapaswa kukazwa polepole. Walichukua pia mkasi na ile meza. Tantine Régine alikuwa wa mwisho kutoka. Alipofika mlangoni alimgeukia mama, akamshika mkono na kuubana kwa nguvu kwa mikono yake miwili, kisha akakimbia kuwafuata wenzake. Chumba cha mbele kilionekana kikubwa sana, na juu ya sakafu palikuwa na alama nne nyeupe ambapo miguu ya meza ilikuwa imesimama miaka yote. Cherehani ya mkono, iliyotoka kwa mama wa mama yangu, hawakuigusa. Baba Mukubwa aliiona, akauliza ni ya nani, akaambiwa, akaipita.

Nisingependa msomaji adhani kwamba mama alishinda. Tulishindwa kuendelea kulipia nyumba ile, tukahamia chumba kimoja nyuma ya nyumba ya jirani, na mama akaomba kona ya baraza mbele ya duka la vifaa vya baiskeli. Cherehani ya mkono ni ya polepole. Mkono mmoja unazungusha gurudumu, mmoja tu ndio unaoongoza kitambaa, kwa hiyo nilijifunza kuzungusha ili yeye awe na mikono yote miwili. Wale wanawake wa Zambia walitufuata hadi pale. Sasa mama aliweza kuwauliza kwa Kiingereza chake kilichovunjika kama wanataka mikono mirefu au mifupi, na wao walicheka na kumjibu polepole. Mchoraji alipokuja kutengeneza kibao, Madamu Grace, aliyekuwa amepitia kutusalimia, alishauri waandike jina la mama pamoja na ile alama ndogo na ile s, ili wageni wajue kwamba mahali hapo ni pa Alphonsine. Mama alifikiri, akakataa. "Jina peke yake," alimwambia mchoraji. "Na chini, andika couture." Hivyo ndivyo kilivyoandikwa, kwa rangi ya bluu: Alphonsine, na chini yake lile neno la Kifaransa la ushonaji. Na kwa miaka mingi watu walisimama mbele ya kibao hicho wakasalimia, "Mbote, Bibi ya Fundi."

Yalikuwepo mambo mengine pia, na haingekuwa haki nikiyaruka. Mama alipougua homa ya matumbo na kulazwa, hakuna aliyekuja kutoka Kamina. Majirani walileta uji, Madamu Grace alilala nami chumbani. Lakini mama, akiwa kitandani, aliwatazama wagonjwa wengine waliozungukwa na mashemeji na mawifi, na aliniambia jambo ambalo lilinikaa: "Ile 'yetu' ilikuwa na ubaya yake, Soso. Lakini ilikuwa na bantu, ilikuwa na watu." Na Baba Mukubwa alipofariki, mama alipanda gari moshi akaenda kumlilia, akakaa na wanawake wa jamaa hadi kilio kilipoisha. Hakuna aliyemuuliza alikuwa hapo kama nani.

Leo mimi ni mkalimani katika ofisi moja ya migodi kaskazini mwa mji. Kila asubuhi naondoka na gari la wafanyakazi kwenye barabara ya Kinsevere, nikiwa katikati ya malori na vumbi, na siku nzima naishi kati ya Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Nasikia Kiingereza cha kila siku, si kile cha ubaoni. Wahandisi wanapopumzika na kahawa, mmoja husema mke wangu hataki hiki, mke wangu amenunua kile. Wengine, hasa wazee, hawasemi hata "my", wanasema "the wife", kama vile mtu anavyosema paa, au bomba la maji, kitu kilichopo nyumbani ambacho kila mtu anakijua. Mwanzoni nilikasirika nilipokuwa nikitafsiri. Baadaye nilimwona mmoja wao akizungumza na huyo "the wife" wake kwa simu, nyuma ya gari, akilia kwa sababu mkewe alikuwa akienda kupasuliwa na yeye alikuwa mbali naye. Tangu siku hiyo nimekuwa mwangalifu zaidi. Maneno yale hayanionyeshi kilicho moyoni mwa mtu. Yananionyesha tu mahali mtu anaposimama anapoanza kuzungumza, na kwamba mara nyingi mwanamke ndiye anayetafutwa kwa kuuliza yuko karibu na nani. Hata mimi, Soso wa zamani, ofisini ni Madame Solange, lakini nikivuka kizingiti cha mtaa wangu ni Mama Céline, na siwezi kusema uongo, jina hilo nalipenda.

Céline ni binti yangu. Mwaka huu, katika msimu huu huu wa baridi, familia ya mchumba wake ilikuja kwetu kujitambulisha rasmi. Ni watu wa Kasai kwa asili, waliozaliwa hapa, wafanyabiashara waungwana, wenye suti nzuri na maneno mazuri. Kijana anaitwa Héritier. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha starehe tulichomwekea karibu na ukuta, fimbo kati ya magoti, akisikiliza kwa sikio moja lililobaki. Mambo yalikwenda vizuri, soda zilikuwa zimefunguliwa. Msemaji wao, mjomba wa kijana, alisimama, akafunga kifungo cha koti, akanyoosha mkono kumwelekea binti yangu na kusema kwa furaha ya kweli: "Kuanzia leo, Céline iko bibi yetu!"

Vigelegele vilipigwa. Mimi pia nilipiga. Nilifurahi kwamba mwanangu anapokelewa na watu wengi, kwamba akiugua kutakuwa na viti vilivyojaa kando ya kitanda chake. Na wakati huo huo nilijua neno lile linaweza kufanya nini siku nyingine, uani, baada ya sala na chakula. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinua fimbo yake kidogo kuomba nafasi ya kusema.

"Nimesikia," mama alisema. "Céline iko bibi yenu. Ni muzuri. Na huyu kijana, yeye iko bwana wetu?"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Kwetu bwana ni mume, lakini "Bwana wetu" ni mmoja tu, na tunamwimbia Jumapili. Msemaji alicheka hadi akashika mgongo wa kiti. "Aa, mama," alisema, akipangusa macho, "Bwana wetu iko mbinguni!"

"Najua," mama alisema. Yeye hakuwa anacheka. "Yule wa mbinguni namujua. Nauliza huyu wa hapa. Iko ya nani?"

Kicheko kilipungua, kikaisha. Céline alikuwa ameinamisha kichwa. Ndipo Héritier, ambaye kwa desturi hakupaswa kusema chochote siku ile, aliinuka. Mjomba wake alimgusa mkono ili aketi, naye hakuketi. Masikio yake yalikuwa yanang'aa kwa aibu.

"Niko bwana ya Céline," alisema.

Alisema kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayejaribu kusimama juu ya ubao ambao hajui kama utamhimili. Sijui kama utawahimili. Uzito halisi wa maneno yale haukuwemo sebuleni, watauona siku za mbele, siku ya ugonjwa au ya msiba, ambapo kila mtu hukumbuka ghafla kilicho chake. Lakini katika utoto wangu sikuwahi kusikia mwanamume akijitaja hivyo mbele ya wajomba zake, na sidhani kama baba yangu, aliyempenda mama kwa namna yake ya kimya, angewahi kuwaza kwamba kijineno kile kinaweza kugeuzwa upande wa pili.

Mama aliweka mkono nyuma ya sikio lake zima. "Sijasikia," alisema. "Sema tena."

Na kijana alisema tena, kwa nguvu zaidi, hadi wale waliosimama nje kwenye baraza wakasikia. Mara hii hakuna aliyecheka.